Mwalimu Eveline Nyuma ya Kabati

Mkamwana wangu Eveline anaogopa vitu viwili tu duniani. Cha kwanza ni kuambiwa yeye si wa hapa. Cha pili ni mume wangu.

Nyoka haogopi. Mwaka juzi aliua swila kwa kamusi, na hiyo kamusi mpaka leo ukiifungua inatoa ulimi. Asiyeamini aende Kilolo akaulize.

Baba yake, Joachim Nyirenda, alitoka Rumphi kule Malawi akafuata dhahabu Makongolosi, huku kwetu. Ndiko alikokutana na mume wangu, Asukile. Walichimba shimo moja, wakala sufuria moja. Eveline akazaliwa hapohapo kwenye vumbi. Ndani walisema Kitumbuka, na nje wachimbaji walisema Kiswahili cha kila namna, matusi mengi kuliko maneno. Siku ya kwanza shuleni mtoto akamsalimia mwalimu kwa Kiswahili cha shimoni. Akachapwa, na wenzake wakamwita Mmalawi mpaka anamaliza darasa la saba. Akaapa atakisoma Kiswahili mpaka chenyewe kimwogope. Na kweli. Sasa hivi Kiswahili chake ukikitandika kitandani hakina mkunjo.

Alipohitimu ualimu wakampeleka Kilolo kule Iringa, sekondari. Ukungu wa kule asubuhi watu wanaukata kwa panga wapate njia. Watoto wa Kihehe walikuwa wanakaa darasani kimya, wanaogopa kukosea. Hakuwachapa. Aliwasalimia "Kamwene" mlangoni, kwa Kihehe chao, halafu akataka kila mmoja aeleze kwa Kiswahili kazi anayoijua kwao. Mmoja akaeleza kugema ulanzi, ile pombe ya mianzi, akaeleza vizuri mno hata mkuu wa shule aliyekuwa anapita dirishani akashikwa na kiu. Miaka ikaenda hivyo, mvua na matope. Jumamosi anafundisha bure. Mwanangu Samwel, aliyemuoa, huniambia, "Mama, huyu hata akilala anasahihisha insha."

Sasa huyu mume wangu. Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Mmoja akija huku, mwingine anapita kule. Mkamwana hatamki jina la mzee, na mzee akiwa karibu hatoi sauti. Siku hizi wasichana wengi wameacha, wanakaa na wakwe zao meza moja wanakula chipsi. Eveline, mtoto wa mgeni, ndiye anashika kuliko sisi wenye mila. Joachim alimwambia kabla ya kufa: watu utakaoolewa kwao, shika la kwao lote, wasipate pa kukuambia rudi kwenu.

Basi alikuwa kwetu Uyole likizo fupi, tunachambua maharage, simu yake ikalia. Anaitwa mjini, ofisi ya uhamiaji. Kuna mtu amepeleka maneno kwamba yule mwalimu si raia. Aje na mzee aliyemfahamu baba yake. Akaiweka simu chini katikati ya maharage. Akaushika ungo, ungo ukapepeta wenyewe.

"Mama, wakinipeleka Malawi namfikia nani? Kule sina hata kaburi."

"Nani akupeleke?"

"Na mtihani ni mwezi wa kumi na moja. Watoto wangu watabaki na nani?"

Joachim aliapishwa uraia zamani, lakini nyumba yao iliungua na karatasi zote. Wazee waliolijua hilo wamekufa, kabaki mmoja tu, Asukile wangu. Samwel naye alikuwa Lubumbashi na lori.

Asubuhi tukaenda, mimi na Eveline bajaji moja, mzee bajaji ya nyuma. Njia nzima mkamwana wangu alinishika mkono, vidole vya baridi kama vya mtu aliyetolewa mtoni. Mzee akabaki nje, nyuma ya ukuta, akingoja kuitwa sisi tukishatoka. Hivyo ndivyo tulivyopanga.

Kijana wa mezani aliitwa Ezron, mtu wa mbali na huku. Hakuwa mbaya, alitupa viti. Akamuuliza alikozaliwa, alikosoma, akajibiwa vizuri.

"Mzee wa ushahidi ni nani wako?"

"Baba mkwe."

"Anaitwa nani?"

Eveline akatazama mlango.

"Mwalimu, jina lake."

"Siwezi kulisema."

"Umeolewa miaka zaidi ya kumi, jina la baba wa mumeo hulijui?"

"Nalijua."

"Basi litaje."

Jasho lilimtoka, likadondoka mezani. Huyu mtu ana maneno ya kila kitu, mpaka ya sehemu za panzi, leo moja limemkaa shingoni.

"Mwanangu, mimi nitakutajia," nikasema.

"Bibi, nimemuuliza yeye."

"Basi nikuchoree sura yake?"

"Bibi, naomba utupishe kidogo nje."

Nikiwa mlangoni nikamsikia anamwambia taratibu, "Mwalimu, hapa wanaletwa wazee wa kukodi. Mwenyeji wa kweli hashindwi swali hili. Ukiendelea kunyamaza nitaandika nilichokiona, na hutarudi shuleni."

Nikamfuata mzee juani.

"Wamekwama wapi?" akauliza.

"Kwenye jina lako."

"Si alitaje?"

"Miaka yote anapanda juu ya miti akikuona, leo ndiyo alitaje? Naona kwake heri wamfukuze."

Huyu mzee shimo lilishawahi kumdondokea, wakamfukua akiwa anadai tumbaku. Siku hiyo midomo ilimkauka ikawa myeupe.

"Nipe kitenge chako."

"Cha nini?"

"Nipe, mwanamke."

Akajifunika kichwa chote na uso, akageuka, akaingia ofisini kinyumenyume, nami nikaingia naye. Akagonga mlango kwa kisogo, akapindua ndoo ya maji, akazidi kurudi nyuma kama lori linalotafuta pa kuegesha pale Uyole. Halafu akakohoa. Hicho kikohozi ndicho anachokitoa nyumbani kabla ya kuingia uani, ili mkamwana ajifiche. Eveline alivyoondoka kitini sikuona. Niliona tu visigino vyake nyuma ya kabati.

Ezron akasimama. "Mzee, geuka."

"Sigeuki. Mimi ndiye Asukile Mwakatundu. Joachim Nyirenda alipoapishwa nilisimama nyuma yake. Mke wake aliposhikwa na uchungu ni mimi niliyekimbia kumwita mkunga. Huyo mtoto nilimbeba. Tangu amekuwa mke wa mwanangu sijamwona uso."

"Sasa hamuonani, mnajuanaje? Nitaaminije kwamba hamnichezei?"

Kelele za ndoo zilikuwa zimemleta mama wa chumba cha pili, Frida, Mnyakyusa mwenzetu. Akamtazama mzee aliyevaa kitenge kichwani, akavitazama vile visigino. Hakucheka.

"Ezron, waache hivyohivyo," akasema. "Mama yangu aliishi nyuma ya mlango wa jiko mpaka babu alipozikwa. Mzee wa kukodi angekutazama usoni, akutajie majina yote."

Ezron akajikuna shavu. "Sawa. Lakini mwalimu lazima aseme mwenyewe kwamba ndiye. Neno moja tu linanitosha."

Kabati likaanza kutetemeka, mafaili yakagongana. Nilijua anachoogopa. Mzee yupo hatua chache, na yeye tangu aolewe hajatoa sauti mbele yake. Nzi walitua wangoje. Nikaomba Mungu wa Walutheri na wa Wakatoliki pia, yeyote mwenye nafasi.

"Ndiye," akasema Eveline.

Mgongo wa mzee ukashtuka kama aliyemwagiwa maji. Ezron akaandika, akasema mwalimu arudi kwa wanafunzi wake, jambo limekwisha. Mzee akatoka bila kugeuka.

Eveline hakutoka nyuma ya kabati mpaka Frida alipomwapia kwamba bajaji ya mzee imeondoka. Uso wake ulikuwa wa majivu. "Mama, amekasirika?" ndilo alilouliza, na mpaka tunafika Uyole aliuliza hilohilo. Kesho yake akapanda basi la Iringa na lundo la insha mapajani.

Jioni hiyo mzee alikaa mbele ya sahani ya kande bila kuigusa.

"Ana sauti ya Joachim," akasema. "Sikujua."