Kengele ya San Eulogio na Mkasi wa Nubia

Nubia Cárcamo aliingia Redio ya Jamii ya San Eulogio akiwa amekuja kugomba. Kwenye matangazo ya vifo, msomaji alikuwa amemtaja shangazi yake marehemu kama "bwana Eufemia", na ukoo mzima ulikuwa umechafukwa na roho. Alimkuta mkurugenzi, Don Wilfrido Tapia, mwalimu mstaafu wa kemia, ameshika kichwa mbele ya kompyuta. Mhariri wake wa sauti alikuwa ameondoka asubuhi ile kwenda Barranquilla pamoja na mke wa mwoka mikate.

"Gomba tu, mama," Don Wilfrido alimwambia, "lakini ukae kwanza, maana na mimi yamenifika hapa."

Akakaa, na nusu saa baadaye yeye ndiye aliyekuwa ameshika kipanya. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, na ishirini na sita kati ya hiyo alikuwa ameimalizia kwenye cherehani. Alipoiona sauti imechorwa kwenye kioo, milima yake na mabonde yake, hakuona kitu kigeni: hapa pana mkunjo, hapa panatakiwa mkasi. Don Wilfrido akamwonyesha kikohozi cha padri katikati ya mahubiri. Nubia akakikata, akaunganisha pande mbili, na padri akaendelea kuhubiri kama mtu mwenye mapafu ya chuma.

"Umejifunzia wapi haya?"

"Kwenye makwapa ya magauni ya maharusi. Ukiweza kuficha mshono pale, utauficha popote."

Hivyo ndivyo alivyopata kazi, na kwa miaka mitatu hakuna aliyemlalamikia. Alimfanya mwenyekiti wa chama cha wafugaji, mwenye kigugumizi tangu utotoni, azungumze dakika kumi bila kukwama, hata mkewe akapiga simu kuuliza yule ni nani.

Alikuwa na kasoro moja, ambayo nyumbani kwake ilihesabiwa kuwa sifa. Alikuwa msafi kupita kiasi. Fundi wa kweli hafungi duka mabaki ya vitambaa yakiwa sakafuni, na Nubia aliifagia kompyuta kama alivyofagia duka. Kipindi kikishakwenda hewani, sauti ghafi zote zilitupwa pipani na pipa likamwagwa. Na kwa kuwa kazi ya mwisho, ile ya kukitoa kipindi kizima kama faili moja, ilifanywa siku zote na Don Wilfrido mwenyewe, Nubia hakuwahi kujiuliza sauti inakaa wapi hasa.

Ikafika wiki ya sikukuu ya mtakatifu. Redio iliandaa kipindi kuhusu jambo ambalo kila mtoto wa San Eulogio hulijua kabla ya kulijua jina la baba yake: kwamba mwaka 1951 watu wa Caño Hondo, ng'ambo ya kinamasi, walikuja wakaiiba kengele ya kanisa. Tangu hapo mpira kati ya miji hiyo miwili huishia kwenye mawe. Shahidi aliyebaki hai alikuwa mmoja tu, Don Ubaldino Mercado, mzee wa miaka tisini na mbili. Nubia alikaa barazani kwake akamrekodi saa tatu nzima, huku Candelaria, binti yake, ameketi pembeni akimsahihisha baba kila alipopotea. Kwa siku nne Nubia akakata, akapunguza, akabakiza dakika arobaini tamu kama maziwa ya nazi.

Alhamisi alasiri kompyuta ikatoa onyo kwamba haina nafasi tena. Nubia akaona haya, kama mtu aliyekutwa na vyombo vichafu. Akafungua folda ya sauti ghafi, akaona mafaili yamevimba kama magunia, akayatupa yote. Akaacha lile faili dogo la mradi lenye jina "Kengele", akazima taa, akaenda zake.

Ijumaa asubuhi Don Wilfrido alitaka liondolewe neno moja tu, tusi ambalo mzee alikuwa amemtupia babu wa meya. Nubia akaufungua mradi. Milima haikuwapo, wala mabonde. Palikuwa na masanduku matupu yaliyopangwa vizuri sana, na maandishi: faili halipatikani.

"Limekwenda wapi?" Nubia aliuliza.

"Lipi?"

"Hili."

Don Wilfrido akasogea, akavaa miwani, akaivua. "Nubia. Sauti ghafi ziko wapi?"

"Nimetupa. Si nimeshamaliza kukata? Kipindi si hiki hapa?"

"Hiki si kipindi, Nubia. Haya ni maelekezo tu. Yanaiambia kompyuta: nenda kwenye faili lile, chukua kuanzia dakika ya nne, bandika hapa. Sauti yenyewe haimo."

Nubia akagusa kioo kwa kidole. "Yaani hii ni karatasi ya kukatia."

"Karatasi ya kukatia."

"Na mimi nimechoma kitambaa."

"Umekichoma, na majivu umeyafagia."

Wakakimbilia kadi ya kinasa sauti. Wakasikiliza. Ilitoka sauti ya mtu akinadi ng'ombe. Don Wilfrido mwenyewe alikuwa ameichukua kadi ile Jumatano kwenda kurekodi mnada, na ng'ombe walikuwa wameendelea kwa saa nne, mmoja baada ya mwingine, juu ya maneno ya Don Ubaldino.

"Kumbe tumemuua sisi sote wawili," alisema Nubia, akachukua kinasa na kutoka.

Alimkuta mzee barazani, peke yake, akijipepea usoni kwa kofia yake. Candelaria alikuwa amekwenda kununua samaki wa sikukuu. Nubia alikuwa ameandaa njiani hotuba ndefu ya kuomba radhi, lakini mdomo ulipofunguka ilitoka nusu tu.

"Mzee wangu, nimeyafuta."

"Umefuta nini?"

"Maneno yako. Saa zote tatu."

Don Ubaldino akaacha kujipepea. "Yote?"

"Yote."

"Hata ule uongo?"

"Uongo gani, mzee?"

Mzee akaangalia njia huku na huku, akaridhika kwamba kofia ya Candelaria haionekani. "Washa mashine yako," alisema. "Na usinikatize. Kwa umri huu nikikatizwa sirudi."

Akaeleza. Kengele haikuibwa. Iliuzwa. Baba yake, babu wa meya na wanaume wengine watatu walikubaliana na Caño Hondo: ng'ombe wawili, santuri yenye sahani kumi na mbili, na mapipa sita ya pombe ya miwa. Waliishusha wenyewe kwa kamba. Yeye Ubaldino, kijana wa miaka kumi na tisa, ndiye aliyeshika taa, na alicheka mpaka baba yake akampiga kofi. Kesho yake wakapiga kelele za mwizi, maana wake zao walikuwa wakitafuta kengele.

"Na miaka yote hii unasimulia wizi?"

"Binti yangu, anayesimulia wizi hupewa kiti cha mbele kila sikukuu. Anayesimulia ulevi wa baba yake atapewa nini?"

"Sasa kwa nini leo?"

Mzee akafikiri. "Wiki iliyopita nilijisikia nikisema, na nikaona nimechoka. Kisha wewe umekuja kuniambia yamefutika. Nikaona Mungu naye hakuyapenda."

Nubia alirudi redioni amekikumbatia kinasa kama mtoto mchanga mwenye homa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: kabla ya kusikiliza hata neno moja, alifanya nakala. Moja kwenye kompyuta, ndani ya folda aliyoiita USIGUSE MWANAHARAMU WEWE, akijiambia mwenyewe. Moja kwenye diski ya pembeni. Moja kwenye flashi, aliyoifunga kwa nailoni mbili na kuipeleka kwa dada yake Yadira, wakaizika ndani ya bati la mchele. Kisha akafanya nakala ya nne, na hiyo ndiyo aliyoiwekea mkasi.

Lakini Don Ubaldino, baada ya kunyamaza miaka sabini, aligundua kwamba kusema kunafurahisha, akamsimulia na kinyozi. Jumamosi saa nne meya alikuwa mlangoni pa redio.

"Babu yangu aliuza kengele?"

"Mheshimiwa, si sisi tuliosema..." Don Wilfrido alianza.

"Futa. Hapa hapa, nikiona."

Don Wilfrido akageuka rangi. Nubia akavuta kiti. "Nifute, mheshimiwa? Hiyo ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote." Akafuta folda. Akafuta mradi. Akafuta na kadi ya kinasa. Akamwaga pipa. Akachomoa diski, akaifuta vumbi kwa upindo wa blauzi, akampa kwa mikono miwili. "Na hii uende nayo, usije ukalala na wasiwasi."

Meya akaguswa. "Mama, wewe unaipenda San Eulogio."

"Sana, mheshimiwa."

Gari la meya lilipopinda kona, Don Wilfrido alikuwa amekaa chini ya meza. Nubia alikuwa anatafuta viatu vyake.

"Yadira anapika nini leo?" aliuliza mkurugenzi kwa sauti ndogo.

"Wali," alisema Nubia, tayari yuko barabarani.

Alimkuta Yadira ameshapima vikombe vitatu na anainamisha bati kwa cha nne. Flashi ilitoka na vumbi jeupe la mchele, na ilikuwa nzima; usiku ule Nubia akakata upya.

Jumapili kipindi kilisikika kwenye spika za uwanjani, mbele ya umati na meya aliyekuwa ameshavaa suti, hana tena njia ya kuondoka. Kilipokwisha hapakuwa na sauti ila jogoo. Don Ubaldino alikaa kiti chake cha mbele, anatazama vidole vyake. Kisha mtu akacheka nyuma, mwanamke mmoja mnene, mjukuu wa mmoja wa wale watano, na kicheko chake kikawashika wengine mpaka wakapigana mabega.

Saa nane lori liliingia kutoka Caño Hondo, limejaa matarumbeta na ngoma. Walikuwa wamesikia redioni. Mbele alisimama mzee wao ameshika fremu, na ndani ya fremu mlikuwa na hati ya mauzo yenye alama za vidole gumba vitano, iliyotundikwa kanisani kwao tangu 1951.

"Tumeitwa wezi miaka sabini na zaidi," alisema, "na risiti tunayo!"

Meya alitazama umati, akaona watu wanashangilia, akapanda jukwaani. Akatangaza kwamba babu yake ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuanzisha biashara kati ya miji hii miwili. Wakampigia makofi, na matarumbeta yakamkatiza kwa bahati njema.

Don Ubaldino alimvuta Nubia mkono. "Ile sauti si yangu. Ile ni ya kizee."

"Ndiyo iliyotoka kinywani, mzee wangu."

"Ungeipunguza kidogo."

Candelaria, aliyeketi saa tatu akiusahihisha uongo ule, hakumsemesha baba yake siku tatu. Alhamisi, alipohitaji mtu wa kumshikia ngazi, alimwita, na mzee akaja akaishika, akiuliza kama yeye pia aliusikia mwangwi ule mbaya kwenye spika ya kushoto.