Lenzi za Mama na Mibuni Niliyoing'oa

Mimi ni kitinda mimba, na kwetu Old Moshi kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Baba alipofariki nilikabidhiwa mama pamoja na kihamba, yaani migomba na kahawa inayoizunguka nyumba. Bei ya kahawa ilipoporomoka, niling'oa mibuni yote ya baba, iliyokuwa upande wa bondeni, nikapanda nyanya. Mama sikumwambia. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na zaidi ya mlango wa jiko alikuwa anaona ukungu mtupu.

"Kahawa inaendeleaje?" aliniuliza mvua zilipoanza.

"Imechanua, mama. Nyeupe tupu!"

"Sawa, mwanangu," akajibu, akaendelea kula ndizi zilizojaa nyanya. Hizo nilimwambia nanunua mjini.

Nilijua nafanya upumbavu. Lakini uongo ukishaumwagilia maji misimu miwili, kuung'oa ni kazi kuliko mibuni.

Ndipo dada yangu akaja kutoka Dar, akatangaza kwamba mama atafanyiwa upasuaji mjini. Nilishangilia kwa mdomo. Moyoni niliomba daktari awe likizo.

Daktari, kijana mpole, alimpa mama shikamoo yake, kisha akaeleza. Angeondoa ule ukungu na kuweka lenzi ndani ya jicho. Ipo ya kuona mbali, ila kusoma atahitaji miwani. Ipo ya karibu, ila miwani atavaa akitaka kuona mbali. Halafu imekuja mpya, inaona mbali na karibu kwa pamoja, ingawa usiku taa huonekana zimezungukwa na miduara.

"Ya karibu!" nikadakia. Nilihubiri kama mchungaji siku ya mavuno. Mama ana kitabu chake cha nyimbo. Mama anachambua mchele, anashona. Huko mbali kuna nini? Mlima? Mlima ameuona tangu azaliwe, na wenyewe kutwa umejifunika mawingu!

Dada akanikazia macho. "Kwani jicho ni lako?"

Daktari akamgeukia mama. "Mama, wewe unataka ipi?"

"Hiyo ya yote mawili," mama akasema. "Miduara nitaizoea. Hata huyu nimemzoea."

Jicho la kwanza likafanywa, mama akabaki mjini na dada, na wiki chache baadaye likafanywa la pili. Siku alipofunguliwa bandeji ya mwisho nilimrudisha nyumbani nikiwa na hotuba nzima kichwani, kuhusu bei, soko huria na serikali. Hakuingia ndani. Alipita jiko, akaenda kusimama juu ya bonde. Nyanya zilikuwa zimeiva, nyekundu mstari kwa mstari, na kwa mara ya kwanza nilizichukia.

"Mama," nikaanza, na hotuba yote ikanipotea.

"Kahawa ikichanua hunukia mpaka chumbani kwangu," alisema. "Misimu miwili sijanusa kitu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. "Kumbe ulijua? Mbona hukusema?"

Akanishika kidevu, akauvuta uso wangu karibu na wake, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo nimekula sukari kwa siri.

"Ya mbali niliitaka nione shamba la baba yako. Ya karibu, nikuone uso ukiniambia mwenyewe. Haya, mwanangu. Kahawa inaendeleaje?"