Nafasi Kati ya Hussen na Pazi

Hussen Likwata ni mkulima wa ufuta hapa Miteja, jirani yangu, mtu mwema ambaye akisikia neno moja hulifanya sheria. Malipo ya ufuta siku hizi yanapitia benki, kwa hiyo ana kadi. Inakaa mfuko wa kifuani, mchana na usiku. Ukimshauri aiache nyumbani, anakuuliza nyumba ikiungua je.

Mwaka huu binti yake Esha, anayeuza duka Dar es Salaam, alimpigia simu kumtahadharisha. Alisema kuna kadi zinazolipa kwa kugusishwa tu kwenye mashine, na wezi nao wana vimashine vyao: wakikukaribia wanavuta pesa, mfukoni hawajatia mkono. Aizungushie karatasi ya foili, na kwenye msongamano asibanane na watu.

Foili Hussen aliipata kwenye pakiti ya majani ya chai. Msongamano ndio uliompa tabu, maana Miteja hauko. Akafikiri sana, akaupata: msikitini.

Kwenye safu ya swala watu husimama bega kwa bega, hilo hata mtoto analijua. Ijumaa ile Hussen alisimama mahali pake pa siku zote, kando ya Pazi, rafiki yake tangu jandoni, kisha akajivuta pembeni hadi mtu wa tatu angeweza kuingia kati yao. Imamu akasema, "Zibeni nafasi." Pazi akasogea. Hussen naye akasogea, upande ule ule, mkono juu ya kadi. Wakaenda hivyo mpaka ukutani. Mimi nilikuwa nyuma yao, na nilikasirika kwelikweli.

Pazi hakuuliza kitu. Waliouliza ni wengine, na Hussen akawajibu kwa ukweli wote kwamba anajikinga na wezi.

Alipokwenda Kilwa Masoko kutoa pesa, alimwomba Agnes, karani wa benki, amkagulie ile foili. Agnes akaifungua, akaigeuza kadi.

"Baba, foili ni kinga nzuri. Lakini kadi yako haina alama ya mawimbi, ile ya kadi za kugusisha. Hii ni ya kuchomeka tu. Hata ukiilaza juu ya mashine, haisomi."

Hussen alirudi Miteja. Ijumaa iliyofuata alimbana Pazi bega mpaka Pazi akayumba, na swala ilipokwisha akamshika mkono.

"Niwie radhi, mwenzangu. Nimekuogopa bure."

"Nimekusamehe," Pazi akasema. "Sasa nenda dukani kwa Mama Theresia. Siku hizi nikiingia anaondoa simu yake mezani."

Hussen alikwenda saa ile ile, akaeleza yote, mpaka habari ya mawimbi. Mama Theresia alimsikiliza, akasema ameelewa.

Jioni Pazi aliingia kununua chumvi. Nilikuwepo, nanunua sabuni. Simu ilikuwa mezani. Mama Theresia alimpa chumvi yake kwa mkono mmoja, wa pili umeishika ile simu, akamuuliza habari za nyumbani. Pazi akajibu ni njema.