Mshahara wa Korona Ulipokatika

Wakati wa korona nilikuwa mtu muhimu sana. Kampuni ya mizigo niliyoifanyia kazi China, mtaa wa Guangyuan Xilu, ilipewa ruzuku ya mishahara kwa sharti kwamba isimfukuze mtu, basi bosi wetu Mchina akatupenda kama wanawe. Mizigo hakuna, wateja wamekwama Dar na Lubumbashi, lakini kila asubuhi alitupitia mezani kutuuliza kama tumekunywa chai.

Ghorofa ya chini, Mtanzania mwenzangu alikuwa na ofisi ya kuwatafutia watu kazi. Siku zile alipiga miayo tu. Nani atafute kazi ilhali analipwa kwa kukaa? Nikipita pale namtania: "Dalali, nikutafutie kazi?" Ananuna.

Ruzuku ikakatika. Bosi akasahau habari ya chai, na haukupita muda akasahau hata majina yetu. "Meiyou," alituambia, mikono hewani, yaani hakuna. Ghafla foleni ya dalali ikafika kwenye ngazi, wapagazi wa marobota wakawa wanatupita wakitutukana. Nami nilikuwemo, utani wote umeniisha. Niliogopa kwelikweli. Bila kazi hakuna kibali cha kukaa, na nyumbani walishazoea kujisifu kwamba wana mtu China.

Dalali aliponiona alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Mpanda ngazi hushuka, ndugu yangu." Kisha akaniajiri papo hapo, na kibali akanishughulikia. Kazi yenyewe ilikuwa kuvaa tai, kuketi karibu na mlango, na kumwambia kila mteja kwamba mimi nilipata kazi kupitia ofisi hii. Sijawahi kufanya biashara ya ukweli mtupu kama ile.

Asubuhi moja akaingia mama wa Lubumbashi tuliyekuwa tukifanya naye kazi kule juu. Kibali chake kilikuwa ukingoni, na watoto kwao wanasoma kwa jasho lake. Nikamwimbia wimbo wangu: "Mimi mwenyewe, mama, nimepata kazi hapahapa."

Uso ukamng'aa. "Ah bon? Balikupatia kazi gani, kaka?"

Nikakohoa kidogo. "Kukaa hapa na kuwaambia watu kwamba nimepata kazi."

Nilingoja anitukane, na ningemwelewa. Aliitazama tai yangu, akageuka kuitazama foleni nyuma yake, kisha akaniinamia na kuninong'oneza:

"Kiti ingine iko?"