Mtu wa Nyuma Yake

Mzee Venuste hakuwa na njaa. Hilo lijulikane mapema, maana Warundi wenzake wa Hyattsville, Marekani, walimsema sana. Kila Jumamosi alijipanga kwenye foleni ya chakula cha msaada nje ya kanisa, hali jokofu la bintiye Akimana limejaa pomoni.

Ugonjwa huo wa foleni aliupata Rumania, alikopelekwa kusomea kilimo miaka ya themanini. Riba zilikuwa zimepanda duniani, na nchi nyingi zenye madeni ziliomba zipewe muda. Kule aliamua mtu mmoja, kiongozi ambaye picha yake ilikuwa kila ukuta: deni lote lilipwe, tena upesi. Chama kizima kikampigia makofi. Nani angethubutu kumkatalia? Basi nyama ikauzwa nje, siagi nayo, na wenye nchi wakabaki kutetemeka kwenye vyumba vya baridi. Ukiona foleni, ulijipanga kwanza, ukauliza baadaye kinauzwa nini. Ujinga ule unamkera Venuste mpaka leo. Lakini ni kwenye foleni hizo bibi mmoja aliyesimama nyuma yake alimfundisha lugha, akamshikia nafasi, akamwita mwanangu. Walizungumza yote, isipokuwa jina la kiongozi yule.

Huku Marekani, tangu mkewe Nahimana afariki, nani wa kumwita chochote? Akimana hutunza wazee wa watu zamu mbili kwa siku. Wajukuu humjibu Kiingereza, macho kwenye simu. Foleni ya kanisani ndiyo iliyompa Mama Ombeni, Mkongomani mcheshi mwenye watoto wengi, aliyesimama nyuma yake kila wiki. Alimshikia nafasi mzee alipokwenda msalani, na boksi la chakula la mzee likaishia kwake.

"Papa Venuste, leo umevaa cravate. Unaenda kuoa?" alimtania, akiitazama tai yake.

Akimana alipojua, uso ulimshuka. "Papa, watu watasema tunakunyima chakula! Frigo imejaa."

"Kwani naenda kula?" Venuste alijibu.

Kisha bei za vyakula zikapanda, foleni ikazunguka jengo zima, na kanisa likabadili utaratibu: kila mtu atumiwe ujumbe wa saa yake. Jumamosi Venuste akafika mapema, na tai yake shingoni. Uwanja mtupu. Lorraine, Mkenya anayejitolea pale, akafungua mlango.

"Mzee, siku hizi hakuna line. Ukipata text unakuja, unachukua boksi, unaenda. Hapa nje utafreeze bure."

"Na Mama Ombeni?"

"Ashapick yake, akaenda."

"Langu mpelekeeni. Mimi nasubiri."

Lorraine akatikisa kichwa, akarudi ndani. Baada ya muda haja ikambana mzee, akageuka kumwomba mtu wa nyuma amshikie nafasi. Hapakuwa na mtu. Akajikaza, akabaki amesimama palepale, asije akapoteza nafasi yake.