Misuli ya Kumbebea Shangazi

Misuli yangu sikuzaliwa nayo, niliitengeneza. Nilipokuwa kijana Tanga, wavulana wa mtaa walianza kuutazama mwendo wangu na kucheka, nami nikaona dawa yake ni kuwa baunsa. Tulimimina saruji kwenye makopo ya rangi, tukachomeka bomba katikati, na kila jioni nilinyanyua vyuma hivyo uani mpaka mwendo wangu ukasahaulika. Hakuna aliyethubutu kumcheka mtu mwenye shingo kama ile. Nilikuwa nimejijengea maficho, na ujinga wangu ni kwamba niliyajenga imara mno.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilimfuata shangazi Toronto. Alikuwa na nyumba Brampton, mji wa pembeni mwa jiji, mimi nikakaa besmenti, chumba cha chini ya nyumba, na kazi iliyonipokea ilikuwa ya ghala: kushusha maboksi kwenye matrela. Misuli ikazidi. Mtanzania yeyote akihama nyumba, simu ya kwanza ilikuja kwangu. Mimi ndiye niliyebeba makochi, mafriji, na masufuria ya pilau za harusi. Walinisifu sana, na kila sifa ilinichoma.

Nilipokwenda hatimaye kwa daktari, kwenye kliniki moja karibu na Regent Park, nilikuwa nimeshavuka miaka thelathini. Mficha uchi hazai, nikavua shati, nikamwambia nataka mwili wa kike. Daktari alikuwa mama mpole asiyependa kumdanganya mtu. Alinieleza kwamba homoni zingelainisha ngozi, zingeleta matiti kidogo, na mafuta mapya yangependelea kukaa nyongani na mapajani. Mifupa ya mabega isingesogea. Misuli ingepungua, ila polepole, na mtu aliyeanza na mingi kama mimi angebakiwa na mingi. Tena misuli inayofanyishwa kazi kila siku haina haraka ya kuondoka. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomjibu, akaitazama mikono yangu.

Basi nikaomba kutolewa kwenye matrela, nikapewa kazi ya kubandika lebo. Chakula nacho nikakipunguza, nikawa mtu wa chai kavu na kipande cha mkate, nikidhani njaa itakula misuli peke yake. Daktari alinionya kwamba njaa haichagui, na kwamba nisipokula hata hayo mafuta ya nyonga hayatakuwa na pa kutoka. Sikio la kufa halisikii dawa. Kila asubuhi niliushika mkono wangu juu ya kiwiko, nikafurahi nikiuona umelegea hata kidogo.

Nikiwa katika hali hiyo, shangazi akapatwa na kiharusi. Kilimchukua mguu na mkono wa kulia. Kitanda chake tulikishusha sebuleni, lakini bafu lilikuwa juu, na ngazi za nyumba ile zilikuwa nyembamba kama za mnara wa msikiti. Binti yake aliyekaa mji wa Pickering alitaka kufunga kiti cha umeme cha kupandia ngazi. Shangazi akakataa, akasema yeye si kifurushi. Alitaka abebwe na mtu, na mtu mwenyewe nilikuwa mimi.

Nilimpandisha asubuhi na kumshusha, mkono mmoja mgongoni kwake, mwingine chini ya magoti. Mlangoni mwa bafu nilimkabidhi kwa mwanamke wa huduma za wagonjwa, maana shangazi haogeshwi na mtoto wa kiume wa kaka yake. Nilisimama nje nikisikiliza maji. Iliniuma, na sikuwa na wa kumwambia. Mikono yangu ilifaa kumfikisha pale, basi.

Siku moja magoti yalinitetemeka katikati ya ngazi. Njaa ilikuwa imefanya kazi yake. Niliegemea ukuta, shangazi kifuani, nikausikia moyo wake unavyokwenda mbio. Hakuanguka, lakini nilijua nusura nimuue kwa ajili ya kutaka mikono myembamba. Jioni ile nilisonga ugali, nikaula na maharage mpaka nikashiba, huku nalia. Tangu hapo nikarudi kula, na mikono ikarudi kuwa migumu. Cha ajabu nyonga nazo zikaanza kujaa, kama daktari alivyosema. Nikawa na nyonga za mwanamke na mikono ya kuli, na mbele ya kioo sikujua nimtazame yupi.

Majira ya baridi yakaja, na wiki moja theluji ilifunga barabara, yule mwanamke wa huduma hakufika. Nilimpigia simu binamu yangu wa Pickering.

"Kaka, please, usimwogeshe wewe," akasema. "Nitakuja Saturday."

Ilikuwa Jumatano. Nikamwambia shangazi itabidi angoje. Alinitazama usoni, ambako ndevu zilikuwa zimeadimika, akanitazama kifuani, kisha akasema kwa mdomo wake uliopinda:

"Mimi nimezeeka, sijapofuka. Niogeshe."

Nilimvua nguo nikiwa nimegeuza uso.

"Usigeuke kama mwanamume," akaniambia. "Sugua mgongo."

Nikasugua. Yule wa huduma aliporudi, shangazi alimwambia ahsante, hahitajiki tena, nasi hatukulizungumza zaidi jambo lenyewe. Alinifundisha kumfunga leso isimponyoke, akavicheka vidole vyangu vinene. Kwa miezi ile sikuichukia mikono yangu. Daktari alisema vipimo vya damu viko sawa, homoni zinafanya kazi, ila mikono haipungui. Je, bado nanyanyua vitu? Nikamjibu kwamba namnyanyua shangazi. Akauliza kama hakuna mtu mwingine wa kumbeba. Nikasema hayupo, ingawa angeweza kupatikana.

Shangazi alifariki theluji ilipoanza kuyeyuka. Msikitini, wanawake walimwingiza kwenye chumba cha kuoshea maiti. Mimi nilisimama mlangoni nimevaa koti langu refu, nikitaka kuwaambia kwamba mwenyewe ndiye aliyeniambia nimwogeshe. Mmoja wao, mama ambaye nilimhamishia vyombo vyake mara mbili, alinigusa bega kwa upole.

"Nenda kwa wenzio, baba," akasema. "Tutakuita kwenye jeneza."

Mlango ukafungwa. Wanaume wakaniweka mbele, kwa kuwa mabega yangu wanayajua. Nikambeba shangazi pamoja nao, na njia nzima nilikuwa na hasira: na wale wanawake, na wale wanaume, na saruji ya Tanga.

Nyumba iliuzwa. Nilihamia chumba kimoja mjini, kwenye jengo lenye lifti. Nilikula vizuri, nikabandika lebo zangu, sikuwa na kitu cha kunyanyua kizito kuliko mfuko wa mchele. Mwaka uliofuata daktari alinipima mkono, akarudia kupima, kisha akatabasamu. Alisema safari hii umepungua kweli, umepungua sana, na kwamba hiki ndicho nilichokuwa nikikingoja muda wote. Akataka kujua nimebadilisha nini.

Nikamwambia kwamba shangazi amefariki.