Baraza la Bibi Yangu na Njia ya Basi

Nyumba ya bibi yangu mjini Lindi ilikuwa na baraza la mawe mbele ya mlango. Bibi miguu ilikuwa imemwishia nguvu, na dunia yake yote ilikuwa pale. Akishaketi asubuhi, haondoki mpaka jua limfukuze. Hakuna aliyepita bila kumwamkia, na habari za Mchinga na Kilangala zilimfikia kabla hazijafika sokoni. Hata basi lilisimama hapo. Dereva alishuka kumsabahi, akanywa kikombe cha kahawa, abiria wakangoja. Hakuna aliyelalamika, au pengine walilalamika na sisi hatukutaka kusikia.

Bwana Shauri, yule Mwingereza msaidizi wa mkuu wa wilaya, alisikia. Akaamuru mtaa upanuliwe: basi lipite upesi na lisimame vituoni tu, na waendao kwa miguu wapate njia yao pembeni, iliyoinuliwa kwa mawe. Sikatai, mpango ulikuwa mzuri. Watoto walikuwa wakikoswakoswa na magari kila leo. Lakini njia ilitaka nafasi, na nafasi yenyewe ndiyo mabaraza yetu. Yakavunjwa.

Kazi ilipokwisha, mtaa mzima ulifurahi. Njia imeinuka, imesawazishwa, inapita mbele ya kila mlango. Sote tukaona serikali imetulipa baraza, tena moja refu. Mikeka ikatandikwa siku hiyohiyo. Bibi akakaa katikati kama bi harusi. Na wapita njia walikuwa watu wenye adabu zao: nani angekanyaga mkeka wa mtu kwa viatu, au kuwakata wazee wanaozungumza? Wakashuka barabarani. Basi likawa linajikokota nyuma yao kuliko zamani, likipiga honi. Nikikumbuka hapo nacheka hata leo.

Kicheko hakikudumu. Askari akaja kuwainua watu, kesho yake akarudi tena, hadi mikeka ikaisha. Bibi akahamia ndani, kwenye kitanda cha kamba chini ya dirisha lililokuwa juu mno kwake kuona nje. Watu wakapita haraka, kama ilivyokusudiwa. Mwanzoni waliingia kumjulia hali. Baadaye wakawa na shughuli zao, kisha wakazoea. Kuzoea kwao upesi namna ile kuliniuma, na kunaniuma bado.

Asubuhi moja nilikuwa nikimnywesha uji. Nje tukasikia sauti ya shoga yake wa Mchinga, ambaye hakumwona msimu mzima. Alikuwa akimwambia mwenziwe: "Hapa ndipo alipokuwa akikaa yule bi mkubwa. Mwenyezi Mungu amrehemu."

"Amin," akasema bibi.

Nikaweka bakuli chini nikimbilie mlangoni. Akanishika kanga.

"Mwache, mwanangu. Basi halimngoji mtu siku hizi."